Kutoka Amu hadi Chongoleani: nani aliambiwa, na lini?

Jumatatu, 10 Februari 2025. Amu

Kaskazi imekomaa na jua la Februari halina huruma. Nimevuka kutoka Mokowe asubuhi kwa boti iliyojaa magunia ya viazi na watoto wa shule. Nimeamua kuteremka na mwambao hadi Tanga, nikipita mahali ambapo watu wa kawaida wameingia mahakamani kwa ajili ya hewa, maji na bahari yao. Hukumu zao nimezisoma kwa miaka. Kila nikizirudia naona jambo lilelile likigeuza mizani, kabla ya sumu na kabla ya fedha: wenyeji waliambiwa lini?

Amu, yaani Lamu, ni mahali pazuri pa kuanzia swali hilo. Mwaka 2001 mji mkongwe huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Zaidi ya miaka kumi baadaye ikaja mipango ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, bara, upande wa pili wa maji. Megawati 1,050, na bomba la moshi la mita 210. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake inatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo ilitaka kuanza kuchoma makaa mbele ya mji wa mawe na matumbawe.

Baada ya alasiri nimeketi barazani na mzee mmoja aliyehudhuria mikutano ya mwanzo. Namwita ami, kama wamwitavyo vijana wa mtaa wake.

"Walikuja na picha," akaniambia. "Picha nzuri sana, na chakula kilikuwapo. Tukauliza moshi utakwenda wapi, wakasema hilo litajibiwa na ripoti. Ripoti ikaandikwa. Haikurudi kwetu."

Katika maneno hayo machache imo kesi nzima. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni Septemba 2016. Sheria ya Kenya inampa mwananchi siku 60 kupinga leseni ya namna hiyo mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira, na watu wa Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, walifika ndani ya siku hizo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni. Lilisema mikutano ya mwanzo, iliyofanyika kabla uchunguzi haujaandikwa, haiwezi kuitwa ushirikishwaji, na kwamba wananchi walipaswa kuisikia ripoti yenyewe na kuijibu. Ushirikishwaji likaufananisha na oksijeni: bila huo, uchunguzi wa athari za mazingira huzaliwa umekufa.

Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa katika kuufadhili mtambo mwaka huohuo, na mwaka 2020 benki ya ICBC ya China ikafuata. Rufaa ya kampuni iliyotaka kuujenga, Amu Power, ilikuwa bado mahakamani Malindi nilipoandika haya. Nimemuuliza ami kama anaogopa. Akasema anachoogopa ni vijana kusahau, maana wao hawakuwamo mikutanoni.

Jumanne, 11 Februari. Ghuba ya Manda

Nahodha amenichukua kwa mashua ya injini kwenda kutazama bandari mpya. Kreni zinaonekana toka mbali, zimesimama juu ya mikoko ya Kililana. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na sasa yapo matatu. Bandari ni kichwa cha mradi wa LAPSSET unaokusudia kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Leo nimeona meli moja tu.

Mtu wa mbali akiambiwa wavuvi wamepoteza ghuba atauliza: si bahari ni kubwa? Nahodha amenieleza vizuri, nami nayaandika hapa kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu Lamu huliruka jambo hili. Wakati wa kaskazi, kama sasa, mashua ndogo inaweza kutoka nje ya visiwa na kurudi salama. Kusi ikianza, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi ya nje ni kifo. Miezi hiyo mvuvi maskini hutegemea maji ya ndani: ghuba, vijito na mikondo iliyo kati ya mikoko. Na maji ya ndani ndiyo yaliyochimbwa ili meli kubwa zipite. Kwa hiyo aliyepoteza ghuba amepoteza nusu ya mwaka.

Tumesimama karibu na njia ya meli akatupa wavu, kunionyesha tu. Umepanda na tafi wanne, wadogo kama kiganja, na kila jicho la wavu limezibwa na tope laini la kijivu. Ameuchovya majini mara tatu, nne, tope halitoki. Akaanza kulikwangua kwa ukucha, jicho moja baada ya jingine. Zamani, amesema, chini ya hapa palikuwa na matumbawe, na kamba wa mawe walikaa humo. Wavu ulikuwa ukitoka umechanika. Leo hauchaniki tena.

Wavuvi hawa nao walishtaki. Aprili 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba serikali ilianza kujenga bila kuwashirikisha wenyeji ipasavyo. Haki yao ya mazingira safi ilivunjwa, ikasema, na pamoja nayo haki yao ya utamaduni, kwani kwa mtu wa Amu kuvua ni kazi na ni urithi. Wavuvi 4,600 wakaamuliwa fidia ya Sh1.76 bilioni. Halafu ikaja rufaa, yakaja mazungumzo ya nje ya mahakama, ikakubaliwa sehemu ilipwe taslimu na sehemu kwa vyombo na vifaa vya kuvulia mbali. Miaka ikapita katika kuhakiki majina.

Nimemuuliza nahodha kuhusu hivyo vyombo vya kisasa. Akajibu kwa upole kwamba boti ya bahari kuu inataka mafuta ya bahari kuu.

Kitu kimoja kimenisumbua tukirudi. Kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Serikali iliposimamisha ukataji miti nchini mwaka 2018, wakataji wa boriti wa Lamu wakazuiwa pamoja na wakata misitu wa milimani. Kwa bandari, mikoko iling'olewa kwa mashine. Familia ikitaka mapau ya kuezekea ikaambiwa inaharibu mazingira.

Jumatano, 12 Februari. Njiani

Basi limeondoka Mokowe alfajiri. Hindi, Witu, Garsen. Vizuizi vya polisi, vitambulisho mkononi, teremka, panda. Joto.

Tulipofika Marereni yakaanza mashamba ya chumvi, mabwawa meupe hadi macho yachoke, yanayofuata pwani kuelekea Gongoni. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara huku baada ya wakazi kulalamika kwamba wamefukuzwa kwenye ardhi za wazee wao, mikoko imekatwa, na visima vimegeuka chumvi. Abiria wa kiti cha pembeni, mama wa Kigiriama, akanionyesha kwa kidole mitungi ya njano iliyopangwa kando ya barabara. "Hapo wanangojea maji ya kununua, mwanangu. Na wamezungukwa na maji."

Alhamisi, 13 Februari. Sabaki na Uyombo

Nimesimama darajani Sabaki, kaskazini ya Malindi. Mto huu huanza kwa jina la Athi, ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na huku chini ni Sabaki. Mto Nairobi humwagikia humo. Maana yake taka za viwanda na vyoo vya mji mkuu husafiri hadi kwenye bahari ya Malindi pamoja na udongo wa mashamba ya Ukambani yaliyomomonyoka. Mvua zikinyesha bara, bahari hapa hugeuka rangi ya chai. Watu wa Malindi hawakuulizwa kamwe, wala hakuna leseni moja wanayoweza kuipinga ndani ya siku 60, kwa kuwa uharibifu huu haukuamuliwa siku moja na mtu mmoja. Nadhani huu ndio uonevu mgumu kuliko wote, ule usio na mshtakiwa.

Mchana nimekwenda Uyombo, karibu na Watamu. Kijiji kimekaa kati ya bahari na hori la Mida, na nyuma yake uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapa ndipo serikali ilipopatazama kwa ajili ya mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini, wa megawati 1,000, ukitarajiwa kuanza kazi mwaka 2034. Mei mwaka jana wakazi waliandamana, polisi wakawatawanya kwa nguvu, na watu wakaumia.

Nimezungumza na wanawake wanaofuga nyuki kwenye mikoko. Nilitegemea kusikia hofu ya mionzi. Walichotaka kujua ni kitu kingine: hati za viwanja. Wengi wanaishi kwenye ardhi ya mababu isiyo na karatasi, na asiye na karatasi hahesabiwi siku ya fidia. Mmoja akasema wanaalikwa kwenye semina za kuelimishwa kuhusu usalama wa nyuklia. "Wanatuelimisha. Kutuuliza bado."

Ijumaa, 14 Februari. Mombasa

Siku ya basi na swala. Jioni nimekaa Mikindani kwa jamaa zangu, nikazisoma tena karatasi za kesi ya mtaa wa Owino Uhuru hadi stima ikakatika.

Jumamosi, 15 Februari. Owino Uhuru

Toka barabara kuu ya Nairobi ni hatua chache tu. Nyumba za udongo na mabati zimebanana, njia inapita mtu mmoja, na mwisho wake uko ukuta. Nyuma ya ukuta huo kilikuwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Hiyo risasi ni madini ya kuuzwa nje. Kilianza kazi mwaka 2007, watu wakiwa wameshaishi hapa miaka mingi, wakiwa takriban 3,000.

Betri ya gari ina vitu viwili vibaya, tindikali na risasi. Ikipasuliwa, tindikali humwagika, na risasi ikiyeyushwa hutoa moshi wenye vumbi laini lisiloonekana. Maji machafu ya kiwanda yalipita kwenye mfereji katikati ya nyumba, na watoto wakachezea humo. Vumbi likatua juu ya mabati, na mvua ikiyaosha mabati yale, maji yakaingia ndooni, maana maji ya mvua ndiyo ya bure. Risasi ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa kwa miaka, hudumaza akili ya mtoto, huharibu mimba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake aliyekuwa ananyonya akaugua, madaktari wakatafuta malaria na homa ya matumbo, mwishowe ikabainika ni risasi, iliyomfikia kupitia maziwa ya mama. Akaacha kazi, akaanza kuwapima watoto wa majirani. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake na kushtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, na 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Ni mwanamke wa kawaida aliyekataa kunyamaza, na kama mwambao huu una deni kwa mtu mmoja, ni kwake.

Nimekaribishwa ndani na bibi mmoja, akanipa kigoda. Bati la juu ya kichwa chake limetoboka vitundu vingi vidogo, na mwanga ukaingia sakafuni kwa madoadoa. Nikadhani ni uchakavu. Akanivuta nje, akanionyesha nyumba mbili: iliyo mbali na ukuta bati lake ni zima japo kuukuu, lake lililo chini ya bomba lililiwa ndani ya misimu michache. "Sasa fikiria kifua changu," akasema.

Alipoanza kukohoa, aliambiwa ni vumbi la barabara. Watoto walipotokwa na vipele, waliambiwa ni uchafu wa mtaa. Hapa hakuna aliyeitwa kwenye mkutano wenye picha nzuri. Kiwanda kilianza kabla uchunguzi wa athari haujafanywa. Watu walijua kinachotengenezwa humo kwa kuugua.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi Sh1.3 bilioni, ikaamuru udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe Sh700 milioni za kazi hiyo. Mzigo mkubwa zaidi uliangukia mamlaka za serikali zilizofumba macho, na hapo ndipo penye uzito wa hukumu hii. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Desemba iliyopita Mahakama ya Juu ikairudisha.

Nilitegemea shangwe. Nimekuta watu wakiulizana, tena kwa sauti ya chini, orodha itafungwa lini na waliokufa wataandikwa na nani. Na udongo uko palepale. Watoto walikuwa wakichora mistari ya mchezo wa kuruka, kwa kijiti, kwenye udongo uleule, mama zao wakiwaita waache, wakijua hawana pengine pa kuchezea.

Jumapili, 16 Februari. Gazi

Feri ya Likoni, kisha matatu ya kwenda kusini. Nimefika Gazi maji yakiwa yanatoka, na kufikia saa saba mchana hori lote likawa tope na mizizi. Wanawake wa kijiji wametengeneza njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, wageni hulipa kuipita, na mwisho wake unauziwa pilau ya samaki. Mwenyeji wangu akanitajia miti kwa jina: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, na mlilana unaokaa mbele kabisa kupokea mawimbi.

Hapa ndipo ulipo Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, yaani kulipwa na watu wa mbali kwa hewa chafu ambayo mikoko inaizuia, wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa mikoko. Hekta 117 zinalindwa, na zinahesabiwa kuzuia takriban tani 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka. Fedha si nyingi, lakini zimevuta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule, na matumizi huamuliwa na baraza la kijiji.

Nina shaka zangu kuhusu biashara hii. Anayechafua hewa Ulaya asipate kuosha dhamiri yake kwa mikoko ya Gazi kisha akaendelea. Nililisema hilo. Mwenyeji wangu hakukasirika. Alisema wazee wake waliiona mikoko ikikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani bila kijiji kuambulia kitu, na kwamba safari hii mkutano ulianza wao wakiwa wamekaa mbele. Wanaweza kukataa. Nikilinganisha na siku nzima ya jana, sikuwa na la kumjibu.

Jumatatu, 17 Februari. Horohoro hadi Tanga

Lungalunga, Horohoro, mhuri, mhuri. Upande wa pili lugha ni ileile ila shikamoo zimeongezeka. Mkonge pande zote mbili za barabara. Nimelala Ngamiani.

Jumanne, 18 Februari. Chongoleani

Rasi ya Chongoleani iko kaskazini ya jiji, ng'ambo ya ghuba. Hapa ndipo utakapoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, nyingi zikiwa ndani ya Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta, hivyo bomba zima lazima lipashwe moto hadi nyuzi 50 yasigande. Yatahifadhiwa kwenye matangi hapa, kisha yatapakiwa kwenye meli. Kusini kidogo ya jiji iko hifadhi ya bahari ya silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na dinosaria.

Kaka mmoja mvuvi amenipitisha ufukweni. Si mpinzani wa bomba. Mdogo wake amepata kazi ya ujenzi, na hilo si jambo dogo. Anachotaka ni kujua mipaka ya kuvulia itakuwa wapi meli zikianza kuja, na nani wa kumlipa mafuta yakimwagika. Huko Uganda wapo waliothaminiwa mashamba yao wakasubiri miaka kabla ya kulipwa, nami nilimweleza.

Nikamsimulia pia kesi ya Arusha. Mwaka 2020 mashirika ya kiraia ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga bomba hili. Novemba 2023 likatupwa bila hoja za mazingira kusikilizwa: wamechelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili ya kufungua shauri, na mahakama ikaona walipaswa kuja mwaka 2017, pale makubaliano ya Uganda na Tanzania yalipotiwa saini. Walikata rufaa, na siku ile ilikuwa bado haijaamuliwa.

Tulihesabu pamoja, tumekaa juu ya ubavu wa ngalawa. Saini iliwekwa mwishoni mwa Mei 2017. Marais Magufuli na Museveni walikuja hapahapa Chongoleani kuweka jiwe la msingi tarehe 5 Agosti 2017. Ukihesabu kuanzia siku ya saini, miezi miwili ilikuwa imekwisha kabla ngoma za sherehe hazijapigwa.

Akahesabu tena kwa vidole, Juni, Julai. Kisha akaniuliza kama makubaliano yenyewe yapo kwa Kiswahili. Nimemwahidi kuitafuta nakala kesho mjini, na akanipa namba ya katibu wa wavuvi ili niipeleke kwenye kikao chao cha Ijumaa.